Jiko la Mkaa Huchaguliwa kwa Chungu cha Ndani

Shauri Moyo, Nairobi, majiko hupangwa yaking'aa rangi, na wanunuzi wengi huchagua kwa rangi hiyohiyo. Rangi haipiki. Jiko hili lenye kiuno, lililoanza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, linabeba thamani yake katika kitu kimoja: chungu cha udongo wa kuchoma kilichokaa nusu ya juu, ndani ya bati. Hicho ndicho kinachozuia joto lisipotelee ubavuni, na mkaa unaotumika ukapungua.

Ukikipata chungu kikiwa bado hakijajengewa, kishike ukingo na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva tanurini hulia kwa sauti kali inayodumu kidogo; kibichi hutoa kishindo kizito kinachokatika papo hapo. Kikishafungwa ndani ya bati hakilii tena, kwa hiyo tumia kucha. Kwaruza upande wa ndani. Ukibaki na unga mwekundu kidoleni, lowesha kidole na usugue pale pale: udongo ambao haukuiva utateleza na kugeuka tope. Muuzaji anayekukataza jambo hili mwache na majiko yake. Na kama kuna kigae kilichovunjika karibu na banda, kiokote utazame pale kilipokatikia. Wekundu upenye hadi katikati. Utepe mpana mweusi kati ya kuta mbili nyekundu unaonyesha kwamba mfinyanzi aliharakisha moto, na vyungu vyote vya tanuri lile navitilia shaka.

Kazi ngumu zaidi, na isiyosifiwa ipasavyo, ni pale udongo unapokutana na bati. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo. Fundi mzuri hujaza nafasi kati yao kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti (madini mepesi) au majivu, tabaka jepesi linalohifadhi joto na kuvumilia mvutano huo. Saruji tupu ni ngumu mno, hupasuka. Pitisha kidole gumba ukingoni kote, kisha litikise jiko karibu na sikio. Ukisikia chembechembe zikikimbia ndani, tabaka limeshaanza kubomoka kabla hujapika hata chai.

Matundu ya kitako cha chungu yatazame kutoka chini, dhidi ya mwanga: yawe wazi yote, na kuta kati yake zisiwe nyembamba. Mlango wa hewa nao una neno. Ukiuacha nusu wazi ubaki nusu wazi, maana ndipo moto wa maharage unapopunguzwa. Mlango unaolegea huteketeza mkaa usiku kucha.

Nyumbani, usihangaike na kila ufa. Mstari mwembamba kama unywele si ugonjwa. Kama vipande havichezi, pika. Ziba pale kucha inapoingia. Jiko likishapoa kabisa, toa majivu, kwangua yote yaliyolegea, kisha lowesha ufa. Udongo mkavu ukinyonya maji ya saruji, kiraka hakishiki. Changanya saruji na majivu laini yaliyochekechwa, majivu yakizidi, ukandamize ndani kabisa badala ya kupaka juu juu. Liweke kivulini siku chache, ukilowesha kiraka asubuhi na jioni, ndipo uwashe moto mdogo, nje, hadi mvuke uishe.

Majiko mengi huharibiwa na watu wanaozima makaa kwa kumwagia maji: chungu chenye moto hupasuka hapo hapo. Majivu yaliyoachwa chini msimu wa mvua hushika unyevu na kula bati. Badala ya maji, funika makaa kwa majivu, au yatoe kwa koleo uyafunike ndani ya debe.

Kitako chenye matundu kikishaanguka, kiraka hakisaidii. Lakini bati zima hubeba chungu kipya, na kulitupa ni hasara. Unapolipeleka kwa fundi, kaa naye. Aiondoe saruji ya zamani yote kabla ya kuweka chungu. Akijenga juu yake, chungu kitakaa juu mno na sufuria italalia makaa. Mwambie pia ajaribu sufuria yako mwenyewe juu ya vishikizo vitatu, kabla saruji haijakauka.