Kipima Mvua Kinachoishi kwa Jua

Watu wengi wakitaka kifaa chao kidogo kiendeshwe na jua huanza kwa kuulizia bei ya paneli. Fundi anayeijua kazi huanza kwingine. Hushika mita, akapima kifaa kinakula umeme kiasi gani, kisha akakipunguzia ulaji hadi pasibaki cha kupunguza. Paneli huichagua mwisho.

Kazi ya namna hiyo nimeiona kwa kijana mmoja wa Morogoro, aliyetengeneza kipima mvua cha kuweka shambani, upande wa milima ya Uluguru, mbali na nguzo za umeme. Ubongo wake ni chipu ya ATmega328P, ile ile iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno wanayojifunzia wanafunzi. Pembeni yake kuna redio ndogo ya LoRa inayotuma vipimo nyumbani kila baada ya dakika 15. Angetumia bodi nzima ya Uno kama ilivyo, asingefika popote. Bodi hiyo hula karibu miliampia 50 hata ikiwa imekaa tu, na kwa saa 24 hiyo ni mAh 1,200, zile zile mAh zinazoandikwa kwenye betri za simu. Paneli ya wati 1 ya volti 6, ambayo haizidi sana kiganja cha mkono, siku ya jua kali huleta kama mAh 700. Kila siku deni lingeongezeka.

Alichukua bodi ndogo ya Pro Mini ya volti 3.3, isiyo na sehemu ya USB, akaanza kung'oa. Kwanza ile taa nyekundu inayowaka muda wote kuonyesha kwamba umeme upo. "Mzee, hii taa peke yake inakula kuliko kazi yote," aliniambia, akanionyesha kwenye mita: miliampia 2, karibu mAh 48 kwa siku, kwa ajili ya kumwambia mtu asiyekuwepo kwamba kifaa kimewashwa. Kisha akaitoa regulata iliyokuja na bodi, akaweka MCP1700, ambayo yenyewe hutumia maikroampia 2 hivi tu. Kisha akageukia rezista mbili za kupimia hali ya betri. Wengi huweka za kilo-omu 10, na hizo huvujisha maikroampia 200 mchana na usiku. Yeye aliweka za mega-omu 1, akaongeza kapasita ndogo katikati ili kipimo kisiyumbe.

Baada ya hapo akaifundisha chipu kulala, na hapa ndipo ninapouona ustadi hasa. Mvua huingia kwenye faneli, ikatiririkia vijiko viwili vilivyokaa kama bembea. Kila mvua ya milimita 0.2 ikitimia, kijiko kilichojaa huinama na kumwaga, na sumaku ndogo iliyogandishwa ubavuni hupita mbele ya kichupa cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma. Ndimi hugusana kwa kufumba na kufumbua. Chipu inaamka, inaongeza moja kwenye hesabu, inalala tena. Kusubiri mvua hakugharimu umeme kwa swichi hiyo, hata kiangazi kikivuta miezi.

Ukijumlisha usingizi, kuamka na kutuma, kifaa kizima hakifikishi mAh 1 kwa siku. Wingu zito likiiachia paneli sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake, bado inaingiza mara 70 ya matumizi. Nilimuuliza kwa nini basi asiweke paneli ndogo zaidi. Alisema vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya migomba hayaandikwi nyuma ya paneli. Ni kweli: wati zinazoandikwa pale hupimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na paneli iliyochomwa na jua la saa sita ina joto zaidi ya hapo na volti zake hushuka. Isitoshe, seli zimeungwa kwa mfululizo. Aliziba seli moja kwa kidole, na mkondo wa paneli nzima ukaporomoka mbele ya macho yangu.

Paneli ameiinamisha kuelekea kaskazini, kwa kuwa wakati wa masika, mwanga unapokuwa haba, jua la Morogoro hupitia upande huo. Mwinamo huo pia huiacha mvua isafishe kioo. Kwenye bodi ya kuchajia ya TP4056 aling'oa rezista ya kilo-omu 1.2 akaweka ya 10, ili betri iombe miliampia 130 badala ya ampia nzima ambayo paneli haina.

Uchumi huu una ukoo wa heshima. Vanguard 1, setilaiti ya Marekani iliyorushwa Machi 1958, ilikuwa na uzito wa kilo 1.5 hivi na redio mbili. Ile ya betri ilinyamaza mwezi Juni mwaka ule ule. Ile ya seli za jua, yenye nguvu ya milivati 5 tu, ilisikika hadi 1964.

Sasa kijana anataka kuiondoa betri ya lithiamu, ya 18650 aliyoitoa kwenye kompyuta mpakato chakavu, aweke kapasita kubwa ya faradi 100. Ana hoja: kapasita huvumilia kuchajiwa mara laki kadhaa, na lithiamu hufikia mamia tu. Lakini kapasita hizo huvuja zenyewe, na kwenye kifaa kinachokula kidogo hivi, kinachovuja kinaweza kuzidi kinacholiwa. Mimi ningebaki na betri, nikaificha kivulini nyuma ya paneli. Yeye ameshaagiza kapasita mbili, atazipima uvujaji kabla masika hayajaingia.