Jinsi Debian Ilivyoiondoa Python 2

Python 2 ilikoma kutunzwa na waundaji wake tarehe 1 Januari 2020, miaka 11 baada ya Python 3 kutoka Desemba 2008. Hata hivyo Debian 11, toleo la mfumo wa uendeshaji lililotoka Agosti 2021, bado ilikuja na Python 2.7, na ni Debian 12 ya Juni 2023 iliyotoka bila hiyo lugha. Ni rahisi kudhani kwamba kilichochelewesha kazi ni kuandika upya msimbo wa zamani. Hoja yangu ni kwamba ugumu mkubwa ulikuwa katika mpangilio wa uondoaji, na hapo ndipo Debian ilipofanya vizuri. Maktaba moja ya Python 2 ingeweza kubeba programu kadhaa. Ukiitoa mapema, zote zinaanguka. Kwa hiyo watunzaji wa Debian walianzia juu: kifurushi kisichotegemewa na kingine chochote kilihamishiwa Python 3 au kutolewa, ndipo maktaba iliyokibeba ikabaki bila mtegemezi na zamu yake ikafika. Kila kifurushi kilichohusika kilifunguliwa ripoti ya hitilafu yenye alama moja, py2removal, hivyo kazi iliyosalia ilionekana na kila mtunzaji.

Kuna wanaouliza: kwa nini lugha ya zamani isiachwe tu, maadamu haimsumbui mtu? Inasumbua. Mwanya wa usalama ukigunduliwa ndani yake, hakuna tena mwenyewe wa kuuziba, na mzigo unawaangukia wanaojitolea kutunza vifurushi. Ndiyo maana Debian 11 ilieleza wazi kwamba Python 2.7 haitapata marekebisho ya usalama, na kwamba imebakizwa kwa sababu tu programu chache zilikuwa bado zinaihitaji wakati wa kuundwa kwake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mtumiaji mwenye skripti zake mwenyewe, zisizomo katika hazina ya Debian. Kwake, hatari kubwa ilikuwa amri ya «python» kugeuzwa kimyakimya kuwa Python 3. Katika Python 2, 3/2 ni 1; katika Python 3 ni 1.5. Skripti ya hesabu ingeendelea kufanya kazi huku ikitoa majibu mengine, bila onyo lolote. Debian ililiepuka hilo kwa kuiacha amri hiyo bila mwenyewe: skripti iliyoiita ilikwama papo hapo, na aliyetaka iwe Python 3 alisakinisha python-is-python3 kwa hiari yake. Usumbufu ulikuwepo, lakini kosa linaloonekana hurekebishwa siku hiyohiyo, ilhali jibu lisilo sahihi huweza kuaminiwa kwa miaka. Anayetunza mfumo wowote wenye lugha iliyozeeka na aanze hapo: aandike nani anamtegemea nani, ndipo aguse msimbo.