Oksidi Moja, Rangi Nyingi

Chungu cha kienyeji cha Kasongo hakina glezi. Kimefinyangwa kwa mkono, kikachomwa kwa kuni uwanjani, na rangi yake ni kazi ya chuma kilichomo katika udongo mwekundu wa Maniema. Kitazame ubavuni: hewa ilipopita pamekuwa pekundu, moshi ulipotanda pamekuwa peusi. Mfinyanzi anayejua lini aufunike moto na lini auache upumue amekwisha kushika jambo lililo kuu katika glezi zote: oksidi ya madini haina rangi moja, rangi yake hutegemea moto na vitu ilivyochanganywa navyo.

Glezi ni ganda la kioo, mchanga ulioyeyushwa kwa msaada wa majivu, magadi au risasi. Ndani yake chuma kile kile, kikiwa asilimia 1 au 2 na joko likinyimwa hewa, hutoa kijani laini cha seladoni, kama cha vyombo vya Kichina vilivyochimbuliwa Gedi, Kenya. Kifikishe asilimia 8 au 10, upate kahawia nzito, hata nyeusi. Shaba ni kigeugeu zaidi: kijani penye risasi, feruzi penye magadi mengi, nyekundu joko linapokosa hewa. Kobalti ndiyo haiyumbi: hata chini ya asilimia 1, ni buluu.

Mimi hustaajabia bati kuliko yote. Kasiteriti wanayoosha wachimbaji wa Kabambare tayari ni oksidi ya bati; weusi wake hutokana hasa na chuma kilichoingia humo. Ikisafishwa, ni unga mweupe. Tia asilimia 5 hadi 10 katika glezi: chembe nyingi hukataa kuyeyuka, hubaki ndani ya kioo zikitawanya mwanga, na udongo wa chini hauonekani tena. Wafinyanzi wa Basra waliutumia weupe huo katika karne ya 9, wakachora juu yake kwa buluu ya kobalti. Vyombo vyeupe vya aina hiyo vimefukuliwa Manda na Shanga, karibu na Lamu.

Shaba na kobalti ziko Katanga, bati na chuma viko Maniema. Mfinyanzi wa Kasongo akipata joko la kutunza moto wa nyuzi 1,000 na zaidi, atakuwa na mengi ya kujifunza kuhusu vipimo. Kuusoma moto anakujua tayari.