Abiria Naye Anaendesha: Pikipiki Inavyopanda Mgeta

Pikipiki nyingi za bodaboda tulizozizoea, Boxer na TVS, zina uzito wa kati ya kilo 110 na 125. Mpandishe dereva wa kilo 65, mwongeze abiria wa kilo 70, na tayari watu wamekizidi uzito chombo kilichowabeba. Mjini Morogoro, kutoka Msamvu kwenda Kilakala, jambo hilo halimsumbui mtu. Abiria anachati kwenye simu, dereva anapenya kati ya daladala, safari imekwisha. Sasa acha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, pita Mlali, anza kupandisha kuelekea Langali na Nyandira, milimani Mgeta. Huko mtu wa nyuma ana kazi, na akiikosea, dereva hodari kuliko wote hawezi kumfidia.

Kuhusu bodaboda tumesikia mengi, ya sifa na ya lawama, na karibu yote yanamhusu anayeshika usukani. Abiria hutajwa akishafikishwa hospitali. Ninaandika haya kwa kuwa safari za kuongozwa kwenda Mgeta, Bunduki na Morningside zinazidi kupendwa na Watanzania wenyewe, wanafunzi wa vyuo, familia kutoka Dar es Salaam, na wengi wao wanapanda mlima wakiwa wamekaa vilevile wanavyokaa wakienda sokoni.

Kwanza tuione njia. Mji wa Morogoro uko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya mboga ya Mgeta yanaanza kwenye mita 1,000 hivi na kupanda hadi kukaribia 2,000, na juu yake msitu unaendelea hadi Kimhandu, kilele kinachozidi mita 2,600. Kupanda huko kote kunabanwa ndani ya mwendo mfupi, kwa hiyo barabara inajikunja. Kuna mahali unatazama chini unaiona kona uliyoipita muda si mrefu, iko karibu chini ya miguu yako.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mwongozaji alikuwa peke yake kwenye ya mbele, mimi nikiwa nimepakiwa kwenye ya pili na kijana mzaliwa wa Langali. Mpangilio huo una maana kubwa. Mwongozaji anafika kwenye kona iliyojificha kabla yetu, anapiga honi, na kama kuna Fuso linashuka na shehena ya kabichi, ananyoosha mkono wa kushoto chini, nasi tunasimama ukingoni. Barabara ile ni nyembamba. Fuso lililojaa haliwezi kukwepa sana, na halipaswi kujaribu. Kuna waongozaji wanaopenda kumbeba mgeni wao wenyewe huku wakimsimulia habari za milima. Mimi siuafiki mtindo huo. Mtu hawezi kusoma barabara, kusikiliza swali la nyuma na kutafuta jibu kwa wakati mmoja, hasa akiwa kwenye gia ya kwanza na tairi la mbele limekuwa jepesi.

Huo wepesi wa tairi la mbele ndio kiini cha kupanda. Kwenye tambarare, pikipiki yenye watu wawili, jumla kilo 250, huweka takribani kilo 175 kwenye tairi la nyuma na 75 kwenye la mbele. Chukua mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 za mwendo. Kwa urefu wa pikipiki hizi kutoka ekseli hadi ekseli, ambao ni mita 1.3 hivi, na uzito wa watu ulivyo juu, karibu kilo 30 zinahama kutoka mbele kwenda nyuma. Tairi la mbele linabaki na kilo 40 na kitu. Tairi hilo ndilo linalokata kona. Abiria akijiegemeza nyuma sentimita 10 tu, anaondoa kilo nyingine 5 hivi, na usukani unaanza kuyumba mikononi mwa dereva kama hauna mwenyewe.

Sasa fikiria abiria anayeogopa. Hofu humfanya ashike keria ya nyuma kwa mikono yote miwili na kujivuta huko. Kwenye kupanda, huo ndio mshiko mbaya kuliko wote. Dereva wangu alilisema mapema, kabla hatujaiacha lami: "Dada, ukisikia nimepangua gia, songea mbele. Usinione haya, nibane." Kwa hiyo mikono inashika kiuno cha dereva, magoti yanabana nyonga zake, kifua kinamkaribia mgongoni. Anayeona aibu kumshika mtu asiyemjua ni afadhali avae begi dogo kifuani, likae katikati yao. Begi kubwa mgongoni ni kosa, maana linafanya kazi ileile ya kuvuta nyuma na liko juu zaidi. Lifungwe kwa mpira, karibu na kiti iwezekanavyo.

Ishara ya gia ni ya kusikia, na inafaa kuizoea. Dereva anaminya klachi, mlio wa injini unakatika kidogo, kisha unarudi ukiwa wa juu. Ule mkatiko ndio wakati wa kusogea. Ukingoja mlio urudi, umechelewa: nguvu imeshafika kwenye tairi la nyuma nawe bado unahama. Kadiri mnavyopanda ndivyo mkatiko unavyokuja mara nyingi, kwa sababu hewa inapungua. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Injini ya cc 150 iliyotoka Morogoro na nguvu za farasi 12 inafika Nyandira ikiwa na kama 10 na nusu, na mzigo ni uleule.

Kwenye kona zenyewe abiria ana jambo moja la kufanya: atazame juu ya bega la dereva lililo upande wa kona. Kona ya kushoto, bega la kushoto. Mwili unafuata macho, na unalala kiasi kilekile anacholala dereva. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona kali ya kushoto ndiyo ngumu zaidi kwenye kupanda, kwa kuwa upande wa ndani ndio wenye mwinuko mkali na huwezi kuukimbia bila kuingia njia ya anayeshuka. Mwendo hapo ni wa kilomita 10 au 15 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki inasimama kwa mikono ya dereva tu, na abiria akigeuka ghafla kuonyesha kidole bondeni, dereva anahisi kama usukani umeguswa na mkono wa tatu. Kijana wangu aliniambia matenga ya kabichi humpa raha kuliko watu, kwa sababu kabichi ikishafungwa haishtuki.

Hapa niseme neno kwa wanawake wenzangu. Kukaa upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, kumezoeleka mijini kwa ajili ya sketi na khanga. Mlimani kusikubaliwe. Kiwiliwili kinatoka katikati ya chombo, tuseme kwa sentimita 10, na dereva analazimika kuilaza pikipiki nzima upande wa pili, nyuzi 2 hivi, muda wote, hata kwenye njia iliyonyooka. Kisha ije kona ya kushoto na ukingo wa udongo unaogusa miguu. Vaa suruali, funga khanga juu yake ukitaka, na upande kutoka kushoto. Eksozi ya pikipiki hizi iko kulia, na wapo akina mama wengi mno wenye kovu kwenye shavu la mguu wa kulia.

Udongo wa upande wa Mgeta unang'aa. Ni ulanga, ambao wakoloni waliuchimba katika milima hii, na vipande vyake vidogo vimechanganyika na mchanga barabarani. Jua likiwa kali unauona unametameta kwenye kijito kikavu kilichochimbwa na mvua katikati ya njia. Mchanga wa namna hiyo hulala juu ya udongo mgumu na kuteleza. Dereva anayeijua njia huufuata mstari uliokandamizwa na matairi ya magari, na huvuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine pale anapotaka mwenyewe. Abiria akiuona mstari huo kabla hajahamishiwa, mwili wake unakuwa umejiandaa. Palipozidi, unashuka, na hakuna aibu yoyote. "Shuka, nikukute pale juu" ni kauli ya dereva mwenye akili. Bila wewe tairi la mbele linarudishiwa uzito wake na injini inapumua.

Kusimama kwa ajili ya kutazama nako ni ufundi, na ndiyo kazi ya mwongozaji hasa. Wetu alichagua mahali penye upana, panapoonekana kutoka juu na kutoka chini, akazima injini, ndipo akaanza kusema. Ng'ambo ya bonde tuliona matuta ya ngazi yakipanda hadi ukingo wa msitu, karoti, njegere, viazi mviringo. Akatukumbusha kwamba mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hii, kuchimba matuta kama hayo, na kwamba Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, upande wa mashariki, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Huku Mgeta matuta yalibaki, kwa sababu mboga za kuuza zililipa jasho la kuyachimba. Habari nzito namna hii haisikilizwi vema chombo kikiwa kwenye mwendo. Kwa maoni yangu, ukitaka kumpima mwongozaji, tazama anaposimamisha.

Watu wanaogopa kupanda. Mimi ninaogopa kushuka. Kilo 250 zikishuka mita 1,000 zina nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya kawaida. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Inayobaki lazima iende mahali: ama kwenye injini, ama kwenye breki. Breki za pikipiki nyingi hizi ni za ngoma. Ngoma ikipata moto inatanuka na kuziacha pedi kwa ndani, na pedi zenyewe zikishapata moto mwingi hazishiki kama mwanzo. Dereva anaikanyaga breki inazama zaidi ya ilivyozoea, na harufu ya kuungua inafika puani kwa abiria kabla hajaambiwa lolote. Ukiisikia, mwombe asimame mpumzike, na usimwage maji kwenye ngoma yenye moto.

Dawa ni kushuka na gia ileile ambayo ungepandia, injini ikizuia, breki zikiguswa kwa vipindi. Abiria naye anageuza kila kitu alichofanya kwenye kupanda. Anarudi nyuma ya kiti, mkono mmoja unashika keria, mwingine unabaki kiunoni kwa dereva, nyayo zinasukuma vyuma vya kukanyagia. Asipofanya hivyo anateleza mbele, anamsukuma dereva hadi kwenye tangi, na dereva anaendesha akiwa ameubeba mwili mzima kwa viganja. Kipimo chake ni helmeti. Sheria inawataka wote wawili waivae, na kila dereva anaposhika breki kwa ghafla, helmeti ya abiria inaigonga ya mbele kisogoni. Mkigongana mara kwa mara, ama yeye anachelewa kushika breki, ama wewe husomi barabara. Tulipokuwa tunashuka kutoka Nyandira tuligongana sana mwanzoni. Kufika Langali zilikuwa zimenyamaza, na nilikuwa najua kwa nini.

Linabaki swali la kwa nini madereva wengi, ambao haya yote wanayajua, bado hushuka kwa nyutro, na wengine wakizima injini kabisa. Jibu liko kijiweni. Kijana wa bodaboda mara nyingi chombo si chake. Ana mkataba na mwenye pikipiki, na kila jioni anadaiwa hesabu. Mafuta ni yake. Mteremko wa bure wa kutoka Nyandira hadi Mlali ni fedha mfukoni, na safari iliyokubaliwa kwa kwenda na kurudi inamwambia kila dakika awahi abiria mwingine. Hata kumshusha abiria atembee ni hasara ya muda. Ukipatana naye kwa trip, bei yako ndiyo inayomsukuma aiweke nyutro.

Sisi tulipatana kwa siku nzima, kwa kiasi kinachofunika hesabu yake na posho yake, na mafuta tukajaza wenyewe tangi hadi juu kituoni kabla ya kuondoka mjini, tukakubaliana kwamba yatakayobaki ni yake. Hilo la mwisho nitalibadilisha safari nyingine, kwa sababu bado linampa sababu ya kubana mafuta kwenye mteremko. Ni heri badala ya mafuta yanayobaki alipwe kiasi kilichojulikana tangu asubuhi, iwe yamebaki au hayakubaki. Mapatano hayo yafanywe kijiweni, mwongozaji akiwepo, kabla mtu hajavaa helmeti.