Anwani Tano, Dirisha Moja: Jinsi Ofisi Ndogo Ilivyochagua Programu ya Barua Pepe

Google ilipotangaza kwamba mwaka 2026 Gmail itaacha kuvuta barua kutoka akaunti za nje kwa POP, wengi hawakushtuka, maana hawakujua kwamba ndiyo njia waliyokuwa wakiitegemea miaka yote. Mtindo wenyewe unajulikana. Kampuni inalipia jina la tovuti yake, inapewa na anwani kadhaa za barua, halafu kijana wa IT anazielekeza zote kwenye Gmail ya bosi. Bosi anafungua kikasha kimoja asubuhi, anakuta kila kitu humo. Njia hiyo ikikatwa barua hazipotei. Zinabaki kwenye seva ya kampuni, zikimsubiri mtu ambaye nywila yake alishaisahau.

Ofisi ninayoichambua hapa ni ya utalii, ipo Arusha, na ina watu watatu mezani. Wengine wote wako porini na wageni. Ina anwani tano: ya kupokea maombi ya safari, ya uhasibu, ya mkurugenzi kwa jina la kampuni, Gmail yake binafsi, na Yahoo ya zamani ambayo mawakala wa Ulaya wameizoea na hawataki kuiacha. Kilichowasukuma kutafuta programu ya kompyuta ya mezani hakikuwa tangazo la Google. Mgeni alitumiwa ankara ya amana kutoka anwani ya kampuni, akauliza swali, akajibiwa kutoka Gmail binafsi. Akasita kulipa, na alikuwa na haki kabisa. Siku hizi matapeli huingia katikati ya mazungumzo ya malipo kwa mtindo huohuo: jina lilelile, anwani tofauti, halafu namba mpya ya akaunti ya benki.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa programu ipi inapendeza. Lilikuwa: barua inakaa wapi, na jibu linatokea wapi?

Tuanze na inakokaa. Kuna njia mbili za kuchukua barua kwenye seva, na zote mbili zina umri. POP ilianza mwaka 1984, enzi ambazo mtu alikuwa na kompyuta moja na muunganisho wa simu uliolipiwa kwa dakika. Inafanya kazi kama sanduku la Posta: unafungua, unabeba barua nyumbani, sanduku linabaki tupu. IMAP ilibuniwa na Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986 kwa wazo la kinyume chake, kwamba barua zibaki kwenye seva na kompyuta iwe dirisha la kuzitazama. Ukisoma barua hapa, inaonekana imesomwa kule. Ukiifuta hapa, kule nako imefutwa.

Kwenye ofisi hii kompyuta ya uhasibu ilikuwa imewekewa POP na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Barua za miaka kadhaa za wateja na mabenki zilikuwa kwenye diski moja tu, ndani ya mashine moja tu, chini ya meza karibu na ndoo ya maji. Kwenye seva hakukuwa na kitu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na halionekani mpaka siku diski inapokufa. Kabla hawajachagua programu yoyote, ilibidi folda za mashine ile zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kisha zirudishwe kwenye seva kwa IMAP, folda moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha na inakula bando, lakini haikwepeki.

IMAP ilileta faida nyingine ambayo ofisi haikuitarajia. Anwani ya maombi ya safari husomwa na watu wawili, na kila barua ya mgeni ilikuwa ikizaa swali lilelile: "Dada, huyu wa Serengeti umeshamjibu?" Seva ya IMAP huweka alama kwenye barua iliyojibiwa, na alama hiyo huonekana kama kishale kidogo kwenye kila kompyuta inayofungua akaunti hiyo. Mmoja akijibu, mwenzake anaona. Hawakuhitaji kununua mfumo wowote wa wateja.

Sasa wagombea. Programu ndogo ya barua iliyokuwa ikija na Windows haipo tena mezani. Microsoft iliifunga tarehe 31 Desemba 2024 na kuwasukuma watumiaji kwenye Outlook mpya. Outlook hiyo mpya ni ya bure, ni nyepesi kuiweka, na ndiyo niliyowashauri waiache. Ukiingiza akaunti isiyo ya Microsoft, programu haiendi moja kwa moja kwenye seva yako. Microsoft ndiyo inayoingia kwenye seva yako kwa niaba yako na kuweka nakala ya barua, kalenda na anwani kwenye mawingu yake. Novemba 2023 jarida la Kijerumani c't lilionyesha kwamba kwa akaunti ya kawaida ya IMAP, jina la mtumiaji na nywila yake hupelekwa kwenye seva za Microsoft. Wapo watakaosema, "Sasa kuna ubaya gani, Microsoft si mwizi." Si mwizi, kweli. Ila mwenye ofisi anapaswa kuamua hilo akijua, na wengi hubofya kukubali bila kusoma. Kwa ofisi ambayo barua zake tayari zinakaa kwa Microsoft, hoja hii haina uzito.

Outlook ya zamani, ile ya kulipia, ni farasi wa kazi, na Microsoft imesema itaihudumia angalau hadi 2029. Kama ofisi yako inaishi ndani ya Exchange na kalenda za pamoja, usihangaike na nyingine. eM Client ni nzuri pia, lakini toleo la bure linaishia kwenye akaunti mbili na si kwa matumizi ya biashara. Apple Mail inataka Mac, na ofisi haina hata moja.

Ikabaki Thunderbird. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla. Mwaka 2012 Mozilla ilipunguza nguvu kazi yake pale, na wengi tukadhani imekwisha. Haikuisha. Leo inaendeshwa na kampuni tanzu iitwayo MZLA, iliyoanza 2020, na inalipiwa zaidi na michango ya watumiaji. Mwaka 2023 ilipata sura mpya katika toleo la 115. Naeleza historia hii kwa sababu programu za barua hufa. Eudora, iliyoandikwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, ilitumiwa na mamilioni, kisha kampuni ya Qualcomm iliyokuja kuimiliki ikaacha kuiendeleza 2006. Waliotumia Eudora hawakupoteza barua zao, kwa kuwa zilihifadhiwa kwa muundo unaokaribiana na ule wa wazi uitwao mbox, mafaili ya maandishi ambayo programu nyingine zinaweza kuyasoma. Thunderbird nayo hutumia mbox. Siku ikifa, barua zitahama.

Kuingiza akaunti zenyewe hakukuchukua muda. Gmail inakufungulia ukurasa wake, unaingia kama kawaida, unaidhinisha, na programu inapewa kibali badala ya nywila. Mtindo huu unaitwa OAuth2, na Yahoo nao wanao. Anwani za kampuni zinatumia nywila ya kawaida, mlango 993 kwa kupokea na 465 au 587 kwa kutuma. Kama programu inakwambia itumie mlango 143 au 25 bila usimbaji, simama hapo, mpigie anayetunza tovuti yako.

Palipohitaji akili ni kwenye kutuma. Thunderbird ina orodha ya seva za kupokea na orodha nyingine, iliyojitenga, ya seva za kutuma. Kila akaunti huchaguliwa moja ya hizo za kutuma, na ukiingiza akaunti kwa mkono ni rahisi sana akaunti ya nne ikaachwa ikitumia seva ya akaunti ya kwanza. Fikiria akaunti ya uhasibu imeunganishwa na seva ya kutuma ya Gmail. Mhasibu anaandika ankara, anaona juu kabisa anwani ya kampuni, anatuma. Gmail ikikuta anwani hiyo haijathibitishwa kwenye akaunti ile, inaifuta na kuweka yake. Mgeni anapokea ankara kutoka Gmail. Ni lile tatizo la mwanzo, limerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii hakuna hata mtu aliyekosea kubofya.

Kinyume chake ni kibaya vilevile. Ukituma kwa anwani ya Gmail kupitia seva ya kampuni, mpokeaji anaangalia kama seva hiyo imeruhusiwa kubeba barua za gmail.com, anakuta haimo kwenye orodha ya SPF, na barua inaanza safari yake ya kwenda kwenye taka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi ukaguzi wa aina hii. Kwa sababu hiyohiyo siwaungi mkono wale wanaosema, "Basi seva ya kampuni izisambaze tu barua zote kwenda Gmail." Barua iliyosambazwa hufika ikitokea kwenye seva ambayo mwandishi wake hakuitaja, na taka zote zinazoingia kwenu zinaonekana kama ninyi ndio mnaozituma.

Dawa yake ni ya mikono. Kila akaunti ipewe seva yake ya kutuma, ipewe jina linaloeleweka badala ya namba, kisha itumwe barua ya majaribio kutoka kila moja kwenda anwani ya nje na kufunguliwa kichwa cha barua chote kuona kilichoandikwa. Si kile kinachoonekana juu ya skrini, ni kichwa kizima. Ofisi iliongeza jambo dogo nililolipenda: kila akaunti ina sahihi yake, na ya uhasibu inasema wazi kwamba kampuni haibadilishi namba ya benki kwa barua pepe.

Kuna mtego mwingine wa ofisi zenye kompyuta kadhaa nyuma ya rauta moja. Thunderbird kwa kawaida hufungua hadi miunganisho 5 kwa kila akaunti. Dovecot, programu inayoendesha seva nyingi za barua duniani, isipobadilishwa huruhusu miunganisho 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja ya IP. Kompyuta tatu zikifungua anwani ileile, hesabu imezidi. Dalili zake hukatisha tamaa: barua zinaingia, mara haziingii, na kila mtu analaumu mtandao wa simu. Ukipunguza hadi miunganisho 2 kwa kila kompyuta, ugonjwa unapona.

Bando nalo lina mambo yake. Thunderbird hupenda kupakua kila kitu ili uweze kusoma bila intaneti, jambo jema umeme ukikatika na kompyuta mpakato ikabaki na chaji. Lakini Gmail huonyesha lebo zake kama folda, na folda ya barua zote ina nakala ya kila kilichomo kwenye nyingine. Usipoizima kwenye mipangilio, utapakua mara mbili. Walichofanya Arusha ni kuweka kikomo cha siku 90 kwenye kompyuta za kawaida, na kuiacha kompyuta moja tu, iliyo kwenye intaneti ya waya, ibebe historia nzima. Hiyo ndiyo inayonakiliwa kila wiki kwenye diski ya nje, kwa kunakili folda ya wasifu ya Thunderbird ikiwa programu imefungwa. IMAP pekee si nakala rudufu. Mtu akifuta kwa bahati mbaya, imefutwa kote.

Kasoro zipo. Utafutaji ni mzito kuliko wa Gmail, hasa siku za mwanzo inapojenga faharasa yake. Barua ulizofuta zinaendelea kula nafasi ndani ya faili la mbox mpaka folda ibanwe. Nywila huhifadhiwa kwenye kompyuta, na usipoweka nywila kuu, yeyote anayekaa kwenye kiti chako anaweza kuzisoma. Ofisi iliiweka, na mkurugenzi analalamika kila asubuhi anapoiandika. Aendelee kulalamika.

Hukumu yangu basi: kwa aliye na akaunti mchanganyiko, za kampuni na za binafsi, kwenye Windows au Linux, Thunderbird inatosha na haina gharama ya leseni. Aliyeko ndani ya Microsoft 365 abaki na Outlook ya zamani mpaka itakapoondolewa. Mwenye Gmail mbili tu, kivinjari kinamtosha, asijitafutie kazi. Na yeyote yule, kabla hajapakua programu, aingie kwenye paneli ya tovuti ya kampuni aone anwani zilizopo, ukubwa wa kila moja, na nani ana nywila yake. Kwenye ofisi hii moja ya hizo tano ilikuwa bado iko kwenye simu ya mfanyakazi aliyeacha kazi.