Balbu Mbili na Kalamu ya Wino

Mwalimu wa fizikia wa Awendo au Kendu Bay, Kenya, akitaka kuligeuza darasa, wanafunzi wakutane na somo wenyewe kwanza na kipindi kibaki cha kubishana, hukwama kwanza kwenye neno nyumbani, ambako wanafunzi hutarajiwa kulitazama somo hilo. Katika shule ya bweni simu ni marufuku na nyumbani ni hadi likizo. Basi kazi hiyo inahamia preps, saa za kujisomea jioni. Hata Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa Colorado walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007, iliwabidi wawachomee DVD wanafunzi wasio na intaneti.

Vifaa vipo. Kompyuta moja yenye Kolibri, programu ya bure, hugawia nyingine masomo kwa mtandao wa ndani, yakiwemo maigizo ya kisayansi ya kuchezea kwenye skrini ya PhET, mradi alioanzisha Carl Wieman mwaka 2002. Ufundi ninaoustahi, lakini, uko kwenye karatasi ya nusu ukurasa anayoandaa mwalimu. (Stima ikipotea, karatasi haipotei.)

Ukiwaambia Kidato cha Tatu wafungue igizo la saketi la PhET wajifunze, wataunganisha waya vibaya makusudi waone betri ikishika moto, wacheke, kengele ilie. Mwalimu fundi huuliza kwenye karatasi yake: balbu mbili zinazofanana zikiungwa kwa mfuatano, ipi itawaka zaidi, ya kwanza au ya pili? Andika jibu kwa wino kabla ya kufunga swichi.

Wino, ili lisifutike. Na swali halikuokotwa njiani: wanafunzi wengi, na si wa huku tu, huamini balbu ya kwanza hula mkondo na kuiachia ya pili masalio. Swichi ikifungwa, zote zinawaka sawa, na vidoa vya buluu vya elektroni vinakwenda mwendo mmoja mzunguko mzima. Mwanafunzi anabaki na jibu lake la wino na skrini inayompinga. Mkono wa mwalimu unawasha kuongeza aya ya maelezo pale chini. Haongezi. Kujizuia huko ndiko kugumu kuliko yote, na sijui chuo kinachokufunza.

Asubuhi anakusanya karatasi, anazisoma kabla ya kipindi, kisha anawaketisha pamoja waliotofautiana, wabishane hata kwa Dholuo. Dakika 40 si nyingi, naye hazitumii kuhutubu.

Halafu anatoa balbu halisi, zile za tochi. Hizi hazifanani kama za skrini. Moja hung'aa zaidi kidogo, na aliyeshindwa jana anaruka: si nilisema! Mwalimu hamkatizi. Anamwita mbele, anamwambia azibadilishe nafasi, kisha alieleze darasa kama mwanga umebaki pale pale au umehama na balbu.