Mbegu Inayogawiwa Haipotei

Mto umeugawa mji wa Kindu, nchini Kongo. Komuni za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi wa Lualaba, pamoja na stesheni ya reli, uwanja wa ndege na ofisi za jimbo la Maniema. Komuni ya tatu, Alunguli, iko peke yake ukingo wa mashariki, inakoanzia barabara ya kwenda Kalima. Asubuhi mitumbwi ya Alunguli huvusha watu wanaofuata muhuri, dawa na masomo. Na katikati ya magoti yao huvuka mafungu ya sombe, matembele na lengalenga. Msomaji wa Tanga au Mombasa angeyaita majani hayo kisamvu, matembele na mchicha, lakini angeyatambua mara moja kwenye sahani.

Insha hii ni ya kuwasifu wanaoyalima. Anayeshona nguo tunamwita fundi, anayepiga randa tunamwita fundi, hata anayeziba pancha za baiskeli barabarani ana heshima ya jina hilo. Anayelima mboga nyuma ya jiko tunamwita mama tu, au bibi, kana kwamba majani yale yalijiotea yenyewe huku yeye akipita na kapu. Hayakujiotea. Nyuma ya kila fungu la lengalenga kuna mikono inayojua mambo mengi, na elimu ya mikono hiyo ina sheria ambayo ufundi mwingine hauna: anayeificha huipoteza.

Tuanze na udongo, maana hapo ndipo wageni huanguka. Mtu anayeuona msitu wa Maniema kwa mara ya kwanza hudhani ardhi yenye miti mirefu namna ile lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Kumbe utajiri wa msitu uko juu: katika miti yenyewe, katika majani yanayoanguka na kuoza. Chini yake kuna udongo mwekundu, mkongwe, uliooshwa na mvua za karne nyingi na wenye uchachu. Ukate miti, uchome, upande mpunga, utavuna vizuri mwaka wa kwanza kwa sababu ya majivu. Baadaye muhogo hufuata, kisha shamba huachwa lipumzike miaka kadhaa, nawe unahamia kwingine.

Nyuma ya nyumba hakuna pa kuhamia. Kipande ni kilekile, miaka nenda miaka rudi, na mwenye bustani anapaswa kukirudishia kila anachokichukua. Basi majivu ya jikoni hayatupwi. Hunyunyizwa kwenye matuta kupunguza uchachu. Maganda ya ndizi na ya muhogo, makapi ya mpunga na takataka za kufagia uwanja hurundikwa pembeni mpaka ziive na kuwa nyeusi. Mavi ya kuku hungoja kwanza, kwa kuwa mabichi huunguza miche. Aliyefanya hivyo kwa muda mrefu ana kijishamba chenye udongo mweusi, laini, katikati ya mtaa wa udongo mwekundu. Udongo ule ameutengeneza yeye, kiganja kwa kiganja, na hakuna duka unakouzwa.

Halafu kuna mbegu. Ya lengalenga ni ndogo kama punje ya mchanga, nyeusi na yenye kung'aa. Mwanafunzi huimwaga kwa mkono, ikaota kama zulia upande mmoja na upande wa pili pakabaki kipara. Anayejua huichanganya na mchanga mkavu au majivu kwanza, ndipo airushe, na mkono husambaza sawasawa. Miche ikibanana, huing'oa michache michache, na ile iliyong'olewa tayari ni kitoweo cha siku hiyo. Wiki tatu au nne baadaye fungu la kwanza liko sokoni. Akitaka mavuno marefu zaidi, haing'oi; huikata juu ya kifundo ili machipukizi yatoke ubavuni.

Hapo ndipo unapokuja mtihani wa tabia. Katika kila tuta kuna mche mmoja ulionenepa kuliko wote, wenye majani mapana na shina imara. Njaa inasema ule uchumwe kwanza. Ufundi unasema ule usiguswe, uachwe uchanue, ukomae, utoe mbegu. Anayekula mche bora kila msimu atapanda kutoka kwa miche dhaifu, na baada ya miaka michache atalalamika kwamba mbegu imezeeka. Kujinyima kilicho bora leo ili kesho iwe na mwanzo mzuri ni nidhamu ngumu, hasa kwa mwenye watoto wanaosubiri chakula.

Sombe nayo ina adabu yake. Muhogo hulishwa na majani. Ukiyachuma yote kwa pupa, mzizi utabaki mwembamba. Mchumaji mzuri huchukua yale machanga ya juu, na hachumi mti uleule kila siku. Kisha huja kazi ya kinu, kutwanga mpaka majani yalainike, na kuchemsha muda mrefu bila haraka, kwa kuwa jani bichi la muhogo lina sumu ambayo kutwanga na moto ndivyo vinavyoitoa. Ndipo yaingie mawese, pilipili, na samaki akipatikana. Elimu ya bustani ya Alunguli haiishii kwenye tuta. Inafika mpaka sufuriani, na anayejua nusu yake anaweza kuidhuru familia.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho hutenganisha wenye bustani na wenye matuta matupu. Mvua ikikatika, maji hubebwa kwa ndoo na bidoni, asubuhi kabla jua halijachoma na jioni likishashuka. Matuta hufunikwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke. Mto ukipungua, kingo huacha udongo wenye majimaji, na wenye macho ya haraka huupanda. Nyanya, ambazo mvua nyingi huziozesha, ndipo hupata nafasi ya kupumua, baada ya kukuzwa kitaluni chini ya kivuli cha makuti ya mchikichi. Na kiangazi ndipo mbuzi wa jirani hukumbuka kwamba uzio wako una tundu.

Sasa, mambo haya yote yanafundishwa wapi? Hakuna shule iliyoyaandika ubaoni. Yanapita juu ya uzio. Jirani anapita, anasimama, anaangalia bilingani lako lililokunja majani, anasema: “Mama, ulimwagilia mchana?” Swali hilo ni somo zima. Anayeleta pilipili mkononi huulizwa alizipata wapi, naye hurudi kesho na punje zilizokaushwa ndani ya karatasi. Vijiti vya muhogo, vipande vya shina la matembele vya urefu wa mkono, chipukizi la mgomba: vitu hivi kati ya majirani huombwa, na ni aibu kumnyima mwombaji. Mavuno huuzwa, mbegu hugawiwa. Anayekuuzia fungu la lengalenga kwa bei kali sokoni ndiye atakayekujazia kiganja cha mbegu zake bure nyumbani.

Nimewasikia watu wakiuita huo ukarimu wa kijijini. Ukarimu upo, lakini akili ndiyo iliyotangulia. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ni majirani wenyewe. Panya akila mbegu zako, mafuriko yakichukua tuta lako, mtoto akimwaga mtungi wako, unakwenda kwa yule uliyempa mwaka juzi, naye anakurudishia mbegu ileile, ikiwa imepitia msimu mmoja zaidi katika udongo uleule. Nyumba ya jirani ni ghala lako ambalo hulilipii mlinzi.

Kugawa huku kuna wajibu wake pia. Ugonjwa wa batobato la muhogo, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano, huenezwa na inzi weupe, lakini huenezwa vilevile na kijiti kilichokatwa kwenye mti mgonjwa. Zawadi ikitolewa bila kuangalia hupeleka maradhi kutoka uwanja hadi uwanja. Kwa hiyo mpaji mwaminifu huutazama mti tangu ukiwa na majani, huuchagua uliokomaa na kuwa msafi, na akiwa hana uliosalimika husema wazi kwamba hana. Kusema “sina” kwa haki ni sehemu ya ufundi.

Ili kuona thamani ya kipande hiki kidogo, inafaa kukumbuka mashamba makubwa ya Maniema yalivyokuwa. Mpunga ulishamiri hapa pamoja na misafara ya watu wa pwani, wakati wa mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi lililoiteka Kasongo Aprili 1893, aliandika kwamba alipanda mnyama na kupita ndani ya shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Alisifu miwa, mahindi na matunda ya mji ule. Lakini mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Wabelgiji walipoushika utawala, mwaka 1917 walitoa amri iliyoruhusu kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka, na pamba ya Maniema ilikuwa miongoni mwa mazao ya kwanza ya lazima. Mkulima wa pamba hakuchagua mbegu, hakuchagua bei, na alilima akiogopa kiboko.

Bustani ya nyuma ya jiko haikuwa na amri. Hakuna afisa aliyekuja kuhesabu matembele. Ndiyo maana mikono ilikuwa huru kujaribu, kukosea, kulinganisha na kupeana; na mbegu ngeni, muhogo na mahindi na karanga na pilipili zilizotoka Amerika, zilizoea udongo huu mpaka leo hakuna anayeziona kuwa ngeni. Shamba la amri liliondoka na mwenye amri. Lililolimwa kwa hiari limebaki.

Kubadilishana nako ni kwa kale kwenye mto huu. Upande wa juu wa mto, huko Nyangwe, watu wa kingo zote mbili walikutana sokoni, wengi wao wanawake waliovuka kwa mitumbwi na vyakula vyao. Msafiri Livingstone alipenda kuwatazama, mpaka tarehe 15 Julai 1871 aliposhuhudia wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa watumwa, mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama. Upande wa chini wa mto, mtafiti Mjapani Yuji Ankei alieleza mwaka 1984 masoko ya Wasongola ambamo samaki walikuwa wakitumika kama pesa: watu wa mtoni walileta samaki, watu wa msituni walileta vyakula vya shamba, wakabadilishana. Naye Takako Ankei alichapisha mwaka 1990 kitabu kizima juu ya mapishi ya Wasongola. Watu waliotoka mbali waliona kwamba ujuzi huu unastahili vitabu. Sisi tulio karibu tunaona ni mboga tu.

Vita viliupima ujuzi huu. Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na mwaka 2002 wanamgambo wa Mai-Mai waliuzingira mji. Kwenda shamba la mbali ikawa kuhatarisha maisha: upande mmoja ulimshuku mkulima kuwa ni jasusi wa upande mwingine. Treni ilisimama. Katika hali kama hiyo kilicho karibu na mlango ndicho chakula. Anayekimbia habebi shamba, lakini anayerudi na kukuta uwanja wake magugu matupu anaweza kuanza tena kwa kijiti kimoja cha jirani.

Sitaki kuipamba bustani kupita kiasi. Kipande cha nyuma ya nyumba hakilishi familia peke yake. Wanga hutoka mashambani, na mpunga unahitaji nafasi. Mgongo unaoinama juu ya matuta kwa kawaida ni wa mwanamke ambaye tayari amebeba maji, kuni na mtoto. Mpangaji anayetengeneza udongo mweusi kwa miaka anaweza kuamriwa kuhama kesho, akauacha wote. Na kijana aliyesoma huona aibu kuonekana na jembe, ingawa hula sombe ya mama yake bila aibu yoyote.

Aibu hiyo ndiyo ningependa tuitupe. Wakuu wa mji wanaopima viwanja na wakumbuke kuacha nafasi ya tuta katika kila kiwanja, na anayemhamisha mpangaji amwache avune kwanza. Walimu wa Alunguli wana maabara ya biolojia bure nyuma ya kila jiko. Wawapeleke watoto wakaulize. Nawe msomaji, uwe Kindu, Kigoma au Mombasa, kama una mbegu usizifungie. Mpe jirani leo, na umwambie kila unachokijua juu ya mbegu hizo. Kama huna, bisha hodi kwa mwenye bustani, salimu kwa heshima, uombe kijiti kimoja. Mvua za Septemba hazimngojei mtu.